Mkaa wa Mkesha

Jumatano ya Majivu nilichelewa kuingia kanisani,
vumbi la mkaa likiwa kwenye kucha zote kumi na shingoni.
Padre Sebaldi alichovya kidole, akalitazama paji langu,
akasita, kama anayetafuta pa kuandika
kwenye ukurasa uliojaa.
"U mavumbi wewe."
Nikamjibu moyoni: Baba, hilo nalijua tangu saa kumi alfajiri,
nilipokuwa nachekecha.

Mimi ni Skolastika wa kibanda cha mkaa, Kigogo bondeni.
Sado yangu haina kitako cha uongo.
Sina nyama ya kuinyima Kwaresima;
nyama naisikia harufu majikoni mwa wateja.
Pombe sinywi. Soda ni ya wagonjwa.
Nikamuuliza katekista: nifunge nini?
Akaliangalia daftari la madeni lililo kwapani mwangu,
lile la jalada la twiga,
akakohoa, akazungumzia mvua.
(Naye yumo. Ukurasa wa tatu. Sado mbili.)

Mvua zikaja kweli. Masika hayaulizi mfungo wa nani.
Maji ya bonde yalipanda hadi kizingitini,
magunia mawili yakalowa,
na mkaa uliolowa unatoa moshi tu
kama mtu anayesali kwa hasira.
Nami nilisali hivyo.
Mwanahamisi wa mlango wa pili alikuwa na Ramadhani yake,
mimi na siku zangu arobaini;
magharibi akaniletea uji wa pilipili manga.
"Kunywa, shoga. Tumbo halijui msikiti wala kanisa."
Nikanywa. Ulikuwa wa moto, nikalia kidogo,
nikasingizia pilipili.

Ijumaa moja Njia ya Msalaba ilipita uchochoroni kwetu.
Kituo cha sita kikaangukia mlangoni kwangu,
na kitambaa nilichokuwa nacho ni kile cha kufutia sado.
Aliyebeba msalaba ni Eufrazia, mwenyekiti wa jumuiya,
elfu kumi na nane tangu Novemba,
jasho likimtiririka hadi kwenye kola ya kitenge.
Watu wakasubiri.
Veronika gani ana kinyongo?
Nikampangusa.
Akabaki na mstari mweusi toka jicho hadi kidevu,
akauvaa vituo vinane vilivyobaki bila kujua.
Watoto walicheka. Mimi nililala nikiuona.

Alhamisi Kuu wakanitaka niwe mmoja wa wale kumi na wawili.
Nilisugua miguu kwa jiwe, kwa sabuni ya kipande, kwa limau,
nikaona haya kuliko siku ya ndoa.
Padre alipomimina, maji ya beseni yakageuka wino.
Akamimina tena. Wino.
Hakusema neno. Magoti yake yakalia sakafuni,
akaubusu mguu wa kushoto, wenye kidole kilichopinda,
akaondoka na mdomo mweusi
kwenda kwenye mguu wa mzee Tiburtsi.

Usiku wa Mkesha umeme ulikatika
kabla hatujazima taa wenyewe.
Uani moto mpya ulikataa: kuni mbichi,
mafuta ya taa yakawaka, yakafa.
Katekista akaninong'oneza: "Mama, una mkaa mkavu?"
Nilikuwa nao, gunia moja nililolificha darini.
Nikakimbia gizani na kandambili,
nikaijaza sado hadi juu, na juu ya juu nikaongeza.
Ukashika.
Mshumaa mkubwa ukawashwa kwa kitu nilichokipima mwenyewe,
na padre alipoimba "Mwanga wa Kristo"
niliitikia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Asubuhi ya Pasaka nikafungua daftari.
Nikachukua kipande cha mkaa,
nikakipitisha juu ya jina la Eufrazia
hadi karatasi ikatoboka.
Kisha la katekista.
La shemeji yangu Gaudensi,
aliyekopa magunia matano akahamia Chanika bila kuaga,
bado nalitazama.
Pasaka ina siku hamsini.
Nitaona.